Ubaridi wa Nyumba Sita

Jumamosi, 3 Mei 2025

Nyuzi arubaini na tatu, na Mei ndiyo kwanza inaanza! Kiyoyozi cha chumba cha kulala kimekufa tangu Alhamisi. Hakikuugua. Kilikohoa mara mbili, kikatema maji ukutani, basi. Sasa nyumba nzima imebaki na kimoja tu, cha majlis, nacho kina umri wa binti yetu Bashayer. Bashayer kaolewa Salala na ana watoto wawili.

Masouda analala majlis, juu ya godoro, mahali wanapokaa wageni. Ametoka hospitali siku tisa zilizopita. Moyo. Daktari alimwagiza vitu vitatu: dawa, utulivu, ubaridi. Hicho cha mwisho alikirudia akinitazama mimi. Alisema kwa moyo ule joto si mzaha.

Leo Masouda ameniomba ninunue kiyoyozi kipya. Riali mia na arubaini, na fundi juu yake. Nimemweleza taratibu. Wiki sita zijazo, Inshaallah, nyumba sita za kichochoro chetu hapa Al Khoudh zitakuwa na mashine moja kubwa ya ubaridi, kwenye kile kiwanja kitupu cha mwisho. Itapoza maji, maji yatapita kwenye mabomba chini ya ardhi, yataingia kila nyumba, na feni zitatupulizia baridi ya hospitali. Viyoyozi vyote vya zamani jalalani. Nani mwenye akili anayenunua kitu cha kutupa baada ya wiki sita? Masouda akasema, mtu mwenye mke mgonjwa. Nikaona amechoka, nikamletea maji.

Tatizo ni gharama ya kujenga. Riali elfu ishirini na saba. Wengi wanasema tugawane sawa kwa sawa, yaani kila nyumba elfu nne na mia tano. Mimi ni mstaafu wa ghala la wizara. Nina elfu tatu benki, basi. Masouda kajitolea kuuza bangili zake. Nimekataa, tena kwa hasira. Mwanamume hauzi bangili za mkewe wakati bado ana akili kichwani.

Na akili ninayo. Mpango ni huu: tugawane kwa vichwa. Sisi tuko wawili. Jirani yangu Thabit, mwenye ghorofa mbili na taa za bustani zinazowaka mchana, ana watu kumi na wanne. Kichochoro kizima ni watu arubaini. Nimepiga hesabu mara tatu juu ya bahasha ya dawa. Mimi elfu moja mia tatu na hamsini. Thabit elfu tisa na ushei! Nikatabasamu peke yangu jikoni.

Iandikwe wazi: mimi si mtu wa hila. Mimi ni mtu wa mipango.


Jumapili, 4 Mei

Mkutano nyumbani kwa Muatasim, baada ya Alasiri. Muatasim ni mhadhiri wa chuo kikuu, kijana mwenye adabu. Mradi kauleta yeye, kwa hiyo tumemfanya mwenyekiti. Alikuja na mhandisi wa kampuni, Mkenya, jina lake Wilkister, kutoka ofisi yao ya Khuwair ya Kusini. Mwanamke mrefu, viatu vya kazi, daftari mkononi. Huyu huandika kila kitu. Nilipopiga chafya alishika kalamu.

Akagawa karatasi, kila nyumba yake. Akaeleza kwa kirefu kwamba baridi haifuati watu, inafuata kuta na madirisha. Kwa hiyo haki, alisema, ni kupima ukubwa wa vyumba kwa gharama ya kujenga, kisha mita kwa matumizi ya kila mwezi. Fungu la kila nyumba limeandikwa chini ya karatasi. Sikusoma langu. Juu ya karatasi yangu nilikuwa nimeweka kokwa za tende, na nilikuwa nangojea zamu yangu ya kusema.

Zamu ikaja! Nikaanza kwa upole. Je, ukuta unasikia joto? Dirisha linatoka jasho? Anayesikia baridi ni mwanadamu, basi walipe wanadamu, kila nyumba kwa idadi yake. Wenye nyumba ndogo wakaitikia kwa vichwa. Thabit akabadilika rangi. Akadai kwamba wanawe watatu ni wanafunzi, hawahesabiki, na mama mkwe wake ni mpita njia. Nikamkumbusha kwamba mama mkwe huyo anapita tangu mwaka wa kimbunga. Majlis nzima ikacheka, isipokuwa Thabit.

Ikapita hoja yangu. Wilkister hakuipenda, lakini akasema sawa, kazi yake ni kufuata wenye nyumba. Atakuja Jumanne saa tisa kuhesabu watu, nyumba kwa nyumba. Kisha akatutia hofu. Mashine moja tu iliyoko njiani haijapata mwenyewe. Saini sita zikipatikana kabla ya adhuhuri ya Alhamisi, ni yetu. Ikikosekana hata moja, inakwenda mtaa mwingine, na nyingine haiji mpaka Oktoba.

Oktoba! Nikamfikiria Masouda na Juni na Julai na Agosti, na moyo ukanishuka. Muatasim akaniambia pembeni, kwa heshima, kwamba wote walikuwa tayari kusaini leo leo kwa ile hesabu ya karatasi, na kwamba mimi ndiye niliyewarudisha nyuma siku mbili. Siku mbili si kitu. Nimefanya kazi ghalani miaka thelathini, najua uzito wa siku mbili.


Jumatatu, 5 Mei

Kiyoyozi cha majlis kinafanya kazi dakika ishirini, kinapumzika kumi. Kimekuwa mtumishi wa serikali. Nimemwekea Masouda kitambaa cha maji kichwani. Ameuliza tena habari za kiyoyozi kipya. Nimemwambia wiki sita tu. Akahesabu kwa vidole akafika arubaini na mbili, akageukia ukutani.

Balaa kubwa zaidi: Thabit anapunguza watu! Nimemwona kwa macho yangu, kutoka dirisha la choo, saa nne asubuhi. Wanawe watatu wanapakia mikoba garini. Mama mkwe kakaa kiti cha mbele na birika lake la chai. Wanapelekwa Sohar. Kumi na wanne wamekuwa kumi, na jua bado halijasimama. Kufika kesho saa tisa ataonekana mtawa.

Sikubabaika. Nilikaa, nikafikiri, nikapata. Asili ya Thabit ni Qantab, na jamaa zake bado wako kule, wengi. Mkubwa wao ni ami yake, Mzee Marwan, mtu wa miaka themanini na mbili anayeheshimiwa pwani nzima. Nikamtumia ujumbe wa sauti. Nikasema Thabit kanituma, anawaalika wote kesho kwa chakula cha mchana, waje na watoto, na wasimpigie simu kumshukuru kwa sababu yuko mikutanoni. Si uwongo mkubwa. Thabit ni mkarimu, siku moja angewaalika tu.

Mzee Marwan akajibu kwa sauti yake ile ya kukwaruza. Watakuja. Mwenyezi Mungu anilipe kheri mimi niliyejisumbua. Nikaitika amin. Kesho saa tisa nyumba ya Thabit itafurika, na Wilkister ataandika. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Thabit amekichimba.


Jumanne, 6 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nane kasoro robo, gari nne zimeingia kichochoroni. Niko dirishani. Nahesabu wanavyoshuka: wanaume, wanawake, watoto wenye kofia mpya. Ishirini na mmoja! Nilishikilia pazia ili nisicheke kwa sauti.

Kisha wakageuka. Hawakwenda kwa Thabit. Walikuwa wanakuja kwangu.

Nilikuwa nimesahau. Mimi, niliyelelewa kwa adabu za Unguja na fimbo juu yake! Nani anaingia kichochoro kula wali, na nyumba ya pili ina mgonjwa aliyetoka hospitali hajajuliwa hali? Mtoto mdogo analijua hilo. Mzee Marwan alikuwa mbele, mkongojo mkono mmoja, nguru wawili wakubwa mkono wa pili.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema mlangoni, akanikabidhi samaki.

Wakaingia. Nyuma yao akaingia Thabit, kapigwa na bumbuwazi, hajui jamaa zake wametoka wapi. Lakini adabu ni adabu. Mtu hawaachi wazee wake waende kumtazama mgonjwa peke yao. Akaja na mkewe, na binti yake Reem, na wengine, wanane kwa jumla. Nyumbani kwake wakabaki wawili, mpishi na mtoto wa kiume aliyelala.

Majlis yangu ni ya watu kumi na watano. Wanawake walimzunguka Masouda upande wa ndani, wanaume upande wa mlango, pazia katikati. Wakasoma Yasin. Masouda akakaa kitako, akajifunga shela, akamjibu kila mmoja kwa jina. Mimi namimina kahawa. Jasho linaingia kwenye vikombe. Kila nikimkaribia Mzee Marwan nadokeza kwamba Thabit anawangoja na chakula. Kila nikidokeza anasema haraka ya nini, mgonjwa kwanza.

Saa tisa kamili, kengele. Wilkister, na daftari. Akasimama mlangoni, akatazama viatu vilivyojaa barazani, akatazama ndani.

"Mzee Sleyum, hawa wote wanaishi hapa ama ni wageni?"

Sauti ya mtu aliyezoea kusema karibu na mashine. Mzee Marwan akaweka kikombe chini.

"Sleyum," akasema pole pole. "Sisi wageni hapa?"

Nini kilichobaki kwa mtu kujibu? Kashika mkongojo, kaja kutoka Qantab juani, nguru wake wako kwenye friji yangu. Watu ishirini na tisa wananitazama mdomoni. Thabit naye yumo. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo ili niseme.

"Astaghfirullah, Ami," nikajisikia nasema. "Hapa kwenu."

"Mzee, fikiria vizuri," akasema Wilkister. "Mimi naandika vile mwenye nyumba ameniambia."

"Andika, mwanangu," Mzee Marwan akamwambia, karidhika kabisa.

Akaandika. Thelathini na mmoja. Akaenda kwa Thabit, akaandika wawili.

Nilitoka nikasimama ukumbini, nikachukua bahasha ya dawa, nikaanza kupiga hesabu. Kichochoro sasa kina watu hamsini na saba. Thelathini na mmoja ni wangu. Riali elfu kumi na nne, mia sita na ushei! Nikaipiga tena. Ikawa ile ile. Kwa hiyo sikusikia kiyoyozi kilipozima. Sijui kilizima saa ngapi. Wanasema kilikaa robo saa kimya, watu thelathini chumbani, madirisha yamefungwa.

Aliyeona ni Reem. Ni muuguzi. Alipaza sauti nyuma ya pazia kwamba mgonjwa atolewe hapa sasa hivi. Nilipoingia, midomo ya Masouda imekuwa ya kijivu, na bado amekaa kitako. Hakulala. Hakulalamika. Angelalaje mbele ya wageni?

Wanawake wakamwinua, wakampeleka kwa Thabit, hatua arubaini. Thabit alikwenda mbio mbele yao akifungua milango na kuwafukuza wanaume njiani. Sijapata kumwona akikimbia. Wakamweka chumba cha ndani, chenye baridi kali. Reem akampima presha, akampa dawa, akampigia daktari simu. Mimi nimekaa kwenye ngazi za Thabit na viatu mkononi. Niliogopa. Niliogopa hata nikasahau zile elfu kumi na nne.

Magharibi Reem katoka, kasema amelala, anapumua vizuri. Alhamdulillahi. Thabit alikuwa bado kwenye simu anaagiza mkahawani wali wa watu ishirini na mmoja.


Jumatano, 7 Mei

Masouda kabaki kwa Thabit. Reem amesema asirudi kwenye nyumba isiyo na ubaridi.

Nilikwenda asubuhi kumtazama. Thabit akanishika mkono, akanivuta barazani, akafunga mlango. Akatoa simu. Akabonyeza. Sauti yangu! Thabit kanituma, waje na watoto, yuko mikutanoni. Niliisikiliza yote mpaka ile sehemu niliyocheka kidogo mwishoni. Nilitazama chungu cha mrehani. Nilijua sasa ataniambia la kuniambia, kisha ataniaibisha mkutanoni, kisha hatasaini, na mashine itakwenda, na Masouda atapitisha kiangazi wapi?

"Nimeifuta kwa Ami," akasema Thabit. "Na hapa naifuta. Mkeo yumo chumba cha pili, kesha kunywa uji."

Ningependa angenitukana. Tusi nina namna ya kulijibu.

Mkutano baada ya Alasiri. Wilkister akasoma hesabu ya vichwa. Alipofika kwangu akanywa maji kwanza. Elfu kumi na nne, mia sita themanini na nne. Za Thabit hazikufika elfu moja. Muatasim akaniuliza, "Ami Sleyum, una la kusema?" Nilikuwa nalo! Lakini ningesemaje? Niseme wale hawakuwa watu wangu, na jana nimemwambia Mzee Marwan hapa kwao? Niseme wamefikaje? Thabit kakaa mbele yangu. Nikasema nafikiria.

Thabit ndiye aliyesema. Kasema kuhesabu watu kunaleta fitina, watu huzaliwa na hufa na husafiri, kuta hukaa. Turudi kwenye karatasi ya Jumapili. Nyumba zote zikakubali kwa pumzi moja. Hakunitazama.

Wilkister akatoa karatasi. Yangu ilikuwa ile ile, ameitunza, ina alama za tende. Akaisoma: nyumba ndogo, ya chini tu, madirisha machache, upande wa kaskazini. Riali elfu mbili mia tisa na hamsini.

Elfu mbili mia tisa na hamsini. Nina elfu tatu. Imekuwa pale tangu Jumapili, chini ya kokwa.

Nilimpelekea Masouda habari mbio. Nilidhani atafurahi kwamba bangili zimesalimika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amelazwa kwenye shuka nyeupe, mkono juu ya kifua.

"Sleyum," akasema. "Mie nlikuwa nakufa mbele za watu, nnaona haya kulala. Na weye ulikuwa ukumbini unahesabu."

Nilimshika mguu juu ya shuka. Nimelia njiani kurudi nyumbani, zile hatua arubaini zote. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka thelathini na minne ameishi nami, hajapata kuniomba kitu kikubwa kuliko kiyoyozi cha riali mia na arubaini.


Alhamisi, 8 Mei

Saini. Nyumbani kwa Muatasim, saa nne. Wilkister kakaa na mkataba, saa yake kaivua, kaiweka juu ya meza. Adhuhuri anatuma ofisini. Nilisaini wa kwanza. Saa tano saini zikawa tano.

Thabit hajaja.

Saa tano u nusu, hajaja. Muatasim kampigia, simu haijibu. Wote wananitazama, au nilidhani wananitazama. Nilianza kuomba dua kwa siri. Nikamwahidi Mola mambo mengi. Saa sita kasoro dakika saba mlango ukafunguliwa. Thabit, na jasho usoni. Kumbe alikuwa ametoka kuchukua dawa za Masouda, na foleni ilikuwa ndefu.

Akakaa. Akashika kalamu. Kisha akaiweka chini, akasema ana sharti moja la kuongezwa, la sivyo hasaini.

Ndiyo hii, nikajiambia. Ananitoa. Kichochoro kitapata ubaridi nyumba tano, na bomba litapita mbele ya mlango wangu likienda kwingine. Nilitazama ile saa mezani. Dakika tano.

Sharti lenyewe hili. Kila nyumba, mbali na mita, italipa ada ya riali kumi na mbili kwa mwezi kwa matengenezo ya mashine. Thabit anataka iandikwe kwamba nyumba yenye mgonjwa aliyeamriwa ubaridi na daktari isilipe ada hiyo mpaka mgonjwa apone, na nyumba nyingine zimbebee. Kwa cheti cha daktari, kila miezi mitatu.

"Leo kwa Sleyum," akasema. "Kesho yaweza kuwa kwangu."

Hakuna aliyepinga. Muatasim akaandika kwa mkono, wote wakatia herufi zao pembeni. Thabit akasaini. Wilkister akatuma zikiwa zimebaki dakika mbili, akajiegemeza kitini, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Muatasim akasema cheti cha kwanza kimfikie Jumapili.

Nilimkumbatia Thabit. Nilitaka kumwambia mengi. Nikamwambia taa zake za bustani ni nzuri.


Ijumaa, 9 Mei

Nimesali Ijumaa safu ya mbele. Nimetubu. Tangu leo mimi na mipango basi. Nitasema lililopo, nitalipa linalonihusu, nitasoma kila karatasi kabla ya kuweka kitu juu yake.

Nimepita dukani kutazama viyoyozi. Vimeshuka, mia na thelathini na tano. Nilitoa mpaka kadi ya benki. Kisha nikafikiri: Masouda kwa Thabit yuko kwenye baridi nzuri zaidi ya hiyo, Reem yuko karibu, uji unakuja wenyewe. Kumrudisha sasa kungekuwa kumdhulumu mgonjwa. Nikarudisha kadi. Nikanunua halwa ya Thabit, kopo dogo, kwa sababu ana sukari. Sina hakika kama ana sukari, lakini umri wake ni wa sukari.

Masouda leo amecheka. Reem alimsimulia kitu, sijui nini. Nilisikia nikiwa barazani, na moyo wangu ukatulia kabisa.


Jumamosi, 10 Mei

Leo kliniki, kuchukua cheti. Niliazima gari la Muatasim kwa sababu lina ubaridi mzuri. Masouda kavaa vizuri, kajipaka udi.

Daktari kampima muda mrefu. Presha mia na ishirini na nane. Moyo umetulia. Akasema hajawahi kuona mgonjwa akirudi upesi hivi, siku nne tu za ubaridi na utulivu zimefanya kazi ya mwezi. Masouda akafunga macho, akashukuru. Nami nilishukuru, kwa moyo wangu wote. Nilitaka kumbusu daktari mkono.

Kisha akaanza kuandika. Niko upande wake, naona. Akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri sana, na akisonga hivi atahesabiwa amepona mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi! Mashine yenyewe itawashwa katikati ya Juni. Msamaha ungekufa kabla ya kuzaliwa. Riali kumi na mbili, mara miezi mitatu tu, ni thelathini na sita.

Nilimuuliza, kwa adabu, kama neno "sana" lilikuwa la lazima. Akasema ni kweli. Nikamwambia ukweli una siku nyingi, na kama angeandika ukweli wa Jumanne iliyopita pia ungekuwa ukweli. Jumanne presha ilikuwa juu, kuna muuguzi shahidi. Daktari akaweka kalamu chini. Nilimfafanulia kwamba sisemi asiandike amepona, ila asiwe na haraka, aiandike taratibu, mathalan Septemba.

Nilidhani Masouda yuko nje anavaa viatu. Alikuwa nyuma yangu.

Hajasema neno njia nzima. Nimemfungulia ubaridi wote wa gari, nimemwambia habari za bangili, habari za Bashayer. Kashukia mlangoni kwa Thabit, kaingia bila kugeuka. Nimemfuata na kile kipimo cha presha cha Reem. Nilimkuta kakaa kitandani, ngumi amezikunja. Akanipa mkono nimpime, bila kunitazama.

Mia na sitini na moja. Nimeiandika katika karatasi safi, pamoja na saa, nimpelekee Muatasim.